Mkondo Katikati ya Malimau

Kila Septemba wanaume wa kijiji, kwenye bonde la chini la mto Piura, walishuka pwani ya Sechura wakaingia majini hadi magotini. Maji yakiwa vuguvugu, dalili ya mvua kubwa, hawakupanda pamba bondeni. Yakiwa baridi, walipanda bila wasiwasi. Mwaka ule yaliwauma miguu.

"Hata pweza wamevaa sweta," alisema Teodomiro, mkuu wa kamati ya mifereji. "Mvua haipo."

"Itakuja, kaka. Kubwa," alijibu dada yake, Nérida Yarlequé, aliyeingia majini pamoja nao.

Wakacheka. Nérida alifundisha fizikia mjini. Miaka mingi alichunguza tabia za chembe nyingi zikiwa pamoja, kisha hesabu zilezile akazipeleka kwenye bahari na anga.

"Mwalimu, si umeyagusa mwenyewe?" jirani yao Casimiro alimchokoza. "Au chuo kilikupa miguu ya mpira?"

"Nimeganda kama nyinyi. Ila miguu yetu iko mahali pamoja tu. Sokoni Catacaos, unajua kila mtu anakwenda wapi?"

"Hata mke wangu sijui anakokwenda."

"Basi. Lakini watu wa kona hii na kona ile, wasioonana, wakianza kugeuza shingo pamoja, unajua kuna jambo linakuja. Joto la bahari, la kwetu na la mbali huko, limeanza kupanda na kushuka pamoja. Hiyo ndiyo dalili, hata maji yakiwa baridi."

"Unataka nini?" Teodomiro aliuliza.

"Tufukue mkondo wa zamani wa mto, mafuriko yapate njia."

Mkondo ule ulipita katikati ya shamba la malimau, urithi pekee aliouachiwa Nérida na baba yao. Miti ilikuwa ndiyo kwanza inazaa.

"Na ukikosea?" alisema kaka yake.

"Sitakuwa na mvua wala malimau. Nanyi mtapata la kuchekea mpaka mzeeke."

Waling'oa miti, wakachimba. Oktoba jua, Novemba jua. Watoto wakamwita Bibi Mafuriko. Ijumaa moja alikaa ukingoni mwa lile handaki kavu, akiwaza kwamba hesabu humwonyesha mtu yanayoelekea kuwa, si yatakayokuwa, na mti uliong'olewa hausikii msamaha.

Februari mbingu zikafunguka. Asubuhi ile mto uliporuka kingo, kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta la udongo wa handaki. Maji yalikuja mekundu, yakaelekea nyumba za udongo, kisha yakapinda, yakaingia mkondoni, yakapita yakinguruma hadi jangwani. Hakuna nyumba hata moja iliyoguswa.

Watu walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Chicha, pombe ya mahindi, ikaletwa, na kwa desturi kibuyu cha kwanza ni cha mkuu wa kamati. Teodomiro alikipokea, akamwaga kidogo ardhini, akamkabidhi dada yake.

"Anza wewe, mkubwa."

Nérida alikunywa chote, mvua ikimpiga usoni, wala hakujifuta.