Mechi Niliyoisikia Kutoka Bandani

Nilicheza mpira wa kulipwa miaka minne katika timu ya karakana moja mjini Nakuru. Kwenye karatasi nilikuwa mfanyakazi wa kupaka grisi. Kazi yangu halisi ilikuwa kufunga mabao Jumamosi, na grisi niliiona mikononi mwa wenzangu tu. Goti lilipoharibika, daktari alinikataza kucheza, na siku hiyo hiyo msimamizi wa karakana akagundua kwamba hata kupaka grisi sijui.

Ndivyo nilivyofika kwenye chuo kimoja cha ualimu nje ya Njoro nikiwa kocha mkuu. Kocha mdogo hakuwepo. Nilipewa filimbi, mipira miwili na chumba kimoja cha mabati nilichokaa na mke wangu, na uwanja ambao asubuhi ulikuwa malisho.

Wanachuo walikuwa watu wazima, wengine wameacha wake nyumbani, na kila mmoja alikuwa na kazi yake shambani kwa sababu chuo kilijilisha chenyewe. Golikipa wangu alikuwa jamaa mrefu wa upande wa Kericho, mwenye viganja vipana ajabu. Viganja hivyo vilikuwa na kazi nyingine. Yeye ndiye aliyemkamua ng'ombe mwekundu wa mkuu wa chuo, ng'ombe aliyewahi kushinda utepe kwenye maonyesho ya kilimo. Ng'ombe wengine walikubali mtu yeyote. Huyu akisikia mkono mgeni alibana maziwa, hata umbembeleze vipi.

Saa ya kumkamua ilikuwa kumi na nusu, Jumamosi pia. Mechi zilianza saa tisa na nusu, maana kabla ya hapo watu walikuwa kwenye ngano. Basi kipindi cha kwanza tulikuwa timu nzuri. Kipindi cha pili kikianza, golikipa alivua kofia, akanipa mkono kwa heshima, akaenda bandani. Wa akiba alikuwa mlokole aliyefumba macho kila kona ilipopigwa. Muhula mzima hatukushinda hata mechi moja.

Mimi nilikuwa mtu wa mjini na nilijiona mtaalamu. Jumamosi moja nikamkataza golikipa kuondoka.

"Mwalimu, hiyo ng'ombe haijui mambo ya Jumamosi," akaniambia.

Nikamjibu kwamba ng'ombe atangoja. Hakungoja. Tulipomaliza, tukiwa tumetoka sare, kiwele kilikuwa kimevimba, na aliyejaribu kumkamua alikuwa amelala nje ya mlango ameshika mbavu. Mkuu wa chuo, mzungu mmoja mkimya, aliniita ofisini na kunieleza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Mpira mingi, maziwa kidogo. Wewe nashinda moja kabla ya kufunga chuo, ama wewe nakwenda. Na ngombe yangu nakamuliwa saa yake."

Mechi iliyobaki ilikuwa moja tu, na wageni walikuwa timu yangu ya zamani ya karakana. Niliogopa, sifichi. Miaka ile ya mkoloni, bila kazi hukuwa na barua ya kukuruhusu kukaa sehemu zile, na mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba. Ningerudi kwetu magharibi na goti bovu na filimbi, kama wangeniachia filimbi.

Golikipa ndiye aliyepata dawa. "Jifunze wewe mwalimu. Si unasemanga ni mazoezi tu?"

Tukafanya mazoezi wiki tatu. Nilivaa koti lake, ambalo hakuruhusu lifuliwe. Nilikalia kigoda chake. Nilikariri wimbo wake wa kukamulia neno kwa neno, kwa Kikipsigis, bila kujua ninaimba nini, na wanachuo wakawa wanapita karibu na banda makusudi. Wiki ya kwanza ng'ombe hakudanganyika. Wiki ya pili alinipa kikombe.

"Mikono yako iko na haraka," golikipa alisema. "Hapa hakuna goli."

Wiki ya tatu ng'ombe alikubali, mradi nisinyamaze. Nikinyamaza, maziwa yalikatika.

Siku ya mechi nilivaa koti langu la zamani la timu ya karakana, limepigwa pasi. Nilitaka sana wenzangu wa zamani wanione nimesimama ukingoni mwa uwanja nikitoa amri. Waliniona kwa kipindi kimoja. Mapumziko yalifika hakuna aliyefunga. Niliwapa vijana wangu maneno yao, nikavua koti langu, nikavaa lile lenye harufu ya samadi.

"Boss, sasa unaenda wapi?" nahodha wa karakana akaniuliza.

"Kukamua."

Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa saa kumi na nusu.

Kutoka bandani uwanja hauonekani. Nilisikia filimbi, nikasikia teke, nikasikia watu wakizomea. Nilikuwa nimeweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, naimba. Halafu ukapigwa ukelele mrefu ambao sikuweza kujua ni wa nani. Kila kiungo changu kilitaka kukimbia nje. Maziwa yakapungua. Nikaimba kwa nguvu zaidi, machozi yakinitoka, kwa sababu ndoo ilikuwa nusu.

Baadaye golikipa aliingia, miguu mitupu, matope hadi magotini. Hakunitazama. Alichuchumaa, akapapasa kiwele chote polepole, chuchu moja moja.

"Umemmaliza vizuri," akasema.

"Ngapi?"

"Ndoo imejaa."

"Mechi, bwana!"

"Ah. Moja bila. Yetu."

Mkuu wa chuo alikuja nyuma yake, akachungulia ndani ya ndoo, akasema naweza kubaki. Sikumbuki kama alitaja mpira.

Mtoto wetu alizaliwa katika chumba kile cha mabati. Mwaka uliofuata golikipa alihitimu, akaenda kufundisha kwao, akaniachia koti. Ng'ombe hakumtaka mtu mwingine. Nilikuwa kocha mkuu pale miaka saba, na mechi za nyumbani nilizoziona mpaka mwisho ni zile za miezi ambayo ng'ombe alikuwa amekauka akingoja kuzaa.