Viatu vya Bibi na Nyumba ya Bati

Juzi nilipanda kwetu Kibosho, mlimani, kwa sikukuu, na nilipoingia jikoni nikakuta mtori wa ndizi umeshika chini ya sufuria. Ile harufu, rafiki yangu, ilinirudisha utotoni kabla sijavua koti. Nilimkumbuka bibi, mama yake baba, akikoroga chungu kwa mikono isiyosikia moto. Sisi wajukuu ndio tuliokuwa tunanusa kwamba ameungua. Yeye alitazama malengelenge kama ya mtu mwingine, akafunga kitambaa, akaendelea kukoroga.

Bibi alikuwa na ukoma. Ulipojulikana, baba mkubwa, ambaye ndiye aliyerithi kihamba, yaani shamba la ukoo, alimjengea kibanda cha nyasi chini kabisa, kando ya mfereji. Chakula chake tulikiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma, ndivyo tulivyofundishwa. Kahawa ilianikwa uani, maziwa hayakukosekana, asubuhi mlima ulijitokeza mweupe juu ya migomba, na bibi alikula peke yake.

Kisha wakaja wafadhili wa misheni. Sista mmoja, muuguzi, alimpeleka kwenye matibabu, na bibi akameza vidonge mpaka akapona. Vidole havikurudi, lakini alipewa viatu vya soli laini asije akaumia bila kujua, na akajengewa nyumba ya matofali na bati, juu, jirani na baba mkubwa. Siku ya kumkabidhi, sista alikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na bibi kwenye kata moja, ukoo mzima ukitazama.

"Mama huyu amepona," alisema. "Hamwambukizi mtu. Kuleni naye."

"Tumesikia, sista," baba mkubwa alijibu, na watu wakapiga makofi.

Gari lilipoondoka tu, mama mkubwa aliitupa ile kata motoni. Bibi alikuwa bado amekaa palepale, akaitazama ikishika moto.

"Mngeniambia," alisema, "ningekuja na kikombe changu."

Haikupita wiki, akarudishwa kibandani. Kwenye nyumba yake akahamia kijana mkubwa wa baba mkubwa pamoja na mkewe. Wafadhili wakituma habari kwamba wanakuja, kitanda cha bibi kilipandishwa juu, akaogeshwa, akavalishwa kitenge na vile viatu, akapigwa picha mlangoni akitabasamu. Wakishaondoka, viatu vilivuliwa na kufungiwa kabatini, visichakae.

Ikatokea sista akaja bila taarifa. Alimkuta bibi kibandani, peku, kidonda kimemtoboa unyayo.

"Mama, nani amekutoa kwenye nyumba yako?"

Baba mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Hakuna, mwanangu," bibi alisema. "Bati linanipigia kelele mvua ikinyesha. Huku nimezoea."

Sista hakumwamini. Alitaka kuondoka naye siku ileile akatibiwe misheni. Bibi akakataa. Aliogopa kufia ugenini. Alitaka kuzikwa juu, ubavuni mwa mumewe.

"Nitamlaza pale mimi mwenyewe," baba mkubwa alimwambia sista, na bibi akashukuru kama mtoto aliyepewa zawadi.

Kidonda kikaingia mfupani. Alipokufa, baba mkubwa alisema mtu wa ugonjwa ule halazwi pamoja na wazee. Baba yangu, mtoto wa katikati, alipinga mpaka sauti ikamkauka, lakini kihamba hakikuwa chake. Tulimzika chini, kwenye matope ya mfereji. Wafadhili walileta shada la maua, na baba mkubwa akalia mbele yao kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.

Siku hizi mfereji umekauka, kahawa imeng'olewa, na kibanda hakipo. Nilimwamkia mama mkubwa, sasa kikongwe, nikamwuliza kaburi la bibi liko wapi hasa.

"Huko huko chini," alisema, akizungusha mkono juu ya migomba yote.

"Wapi, mama mkubwa?"

"Hatukuweka alama. Nani angekuja?"

Nilishuka hata hivyo. Nilitembea polepole kati ya migomba, nikiogopa kila nilipokanyaga.