Marehemu amesema anakuja Jumamosi

Leo asubuhi marehemu kaka yangu ametumia familia nzima ujumbe.

Ngojeni nieleze kabla muanze kukemea.

Wekesa, huyo marehemu, ndiye alitutengenezea ile programu ndogo ya familia. Unaandika amri moja kwa kompyuta, ujumbe unafika kwa simu ya kila mtu. Tangu tumzike nilikuwa naiogopa. Leo, hapa Kitale, nikajikaza nikaandika:

tuma "Nakuja nyumbani Jumamosi, mniwekee chai" --jina Naliaka

Si mnajua vile sisi husema neno letu kwanza, jina ndio linakuja mwisho?

Kumbe hiyo programu ikishafika kwa ujumbe, haisomi kingine chochote mbele. Jina langu ikaliruka. Na isipopata jina, inaweka la mwenyewe aliyeitengeneza.

Kwa hivyo huko nyumbani Bungoma simu zikalia: "Nakuja nyumbani Jumamosi, mniwekee chai. Wekesa."

Shangazi alitupa simu kwa mboga za sukuma wiki, akakimbia.

Mama akanipigia, sauti chini kabisa.

"Naliaka, Wekesa anakuja?"

Nikamweleza mambo ya programu bana. Halafu:

"Mimi najua nilimzika. Lakini nimeshafagia chumba chake."

Sasa nimefungua programu yenyewe. Dawa ni kufuta neno moja tu, jina lake. Kidole kiko juu ya kitufe na hakitaki kushuka.

Nyinyi mngefuta?

Niambieni haraka, kwa sababu Jumamosi nikibisha, sijui mama atakuwa anamfungulia nani.