Sensa Mbili za Ijumaa: Fundi Muhigirwa na Safari ya Gitambi

Saa mbili na nusu asubuhi, uani kwa mwalimu mstaafu Mukamazimpaka, mjini Kamembe, miguu miwili imechomoza chini ya gari jeupe. Mwenye miguu hiyo, fundi Muhigirwa, anaomba aletewe tochi. Kisha anaomba kitu ambacho mwalimu hakukitarajia: mfuko mdogo wa plastiki uliobaki kwenye kikapu cha spana, wenye kichupa cha rangi ya kucha.

Mwalimu anakitoa, anakigeuza mkononi, anacheka. Rangi yenyewe ni ya waridi. Muhigirwa hacheki. Anapokea kichupa, anarudi chini, na kabla hajalegeza skrubu hata moja, anapaka tone la rangi juu ya sensa mbovu ikiwa bado imekaa mahali pake kwenye injini.

Sensa hiyo haizidi kidole gumba kwa ukubwa. Kazi yake ni kuipasha injini habari kwamba mhimili wake mkuu unazunguka. Ikinyamaza, injini haipati moto wala mafuta, na gari linazimika hata kama liko katikati ya mlima. Mafundi wa Kamembe huiita capteur, kwa Kifaransa cha Bukavu, mji wa ng'ambo ya mpaka, na wanaijua kwa tabia moja ya kuudhi: ikianza kuchoka hufa injini ikiwa ya moto, na ikipoa hufufuka kana kwamba haijawahi kuugua.

Muhigirwa anatoka chini ya gari na ile ya zamani, yenye waridi lake, na kumkabidhi mwenye gari.

"Maman, kamata hii," anamwambia. "Usiiweke chini mpaka nimalize."

Kwa hiyo mwalimu wa miaka sitini na minane anasimama uani kwake, kashika chuma chenye grisi kwa ncha za vidole, huku fundi akifunga kingine. Ukimtazama utadhani amepewa adhabu na mwanafunzi wake.

Akishamaliza kufunga, Muhigirwa haondoki. Anawasha injini na kuiacha ingurume mpaka feni ya rejeta ijizungushe yenyewe, anazima, anawasha tena. Mara tatu. Saa nzima na nusu inakwenda hivyo, yeye akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akinywa chai ya watu. Wateja wengine humnung'unikia kwamba anawapotezea muda. Mafundi wenzake wamempachika jina la Papa Vernis, yaani Baba Rangi ya Kucha, kwa sababu ya kile kichupa, naye huitikia bila kinyongo.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Alijifunza kazi akiwa kijana kwa fundi mmoja mkali aitwaye Mukengere, na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa hana gereji. Huitwa majumbani. Kazi kama hii ya leo humpa faranga elfu kumi na tano, na wiki nzuri huwa na kazi tatu. Anayemwita nyumbani humwita kwa sababu moja: watu wa hapa wanaogopa kwamba gari likilala gereji, litaamka na vifaa vya gari jingine. Nyumbani mwenye mali anaona kinachotoka na kinachoingia.

Na hapo ndipo penye kidonda chake.

Siku ya kwanza alipoulizwa na mwandishi wa gazeti hili habari ya rangi ya kucha, alisema ni mazoea tu, akabadilisha mazungumzo. Siku ya pili alisema mengine. Siku ya tatu alifika mwenyewe, akiwa amevaa kanzu ya kutokea msikitini, akaomba asimulie yote, kwa sharti moja: lisichapishwe neno kabla yeye hajalitamka mbele ya mtu mmoja. Gazeti lilikubali kusubiri.

Mtu huyo ni Kalisa, muuza vitenge wa soko la Kamembe. Wanaswali msikiti mmoja. Mara nyingi husimama safu moja, bega kwa bega.

Miaka kumi na miwili iliyopita, gari la Kalisa lilikuwa linazimika njiani na kuwaka tena baada ya kupumzika. Muhigirwa aliutambua ugonjwa bila kuhangaika. Alivuka kwenda Bukavu, kwa Cirhuza, mtu mpole wa kabila la Washi aliyeuza vifaa vya magari vilivyotumika, akachagua sensa inayofanana na ile mbovu. Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa uani kwa Kalisa, injini ikiwa baridi.

Aliitoa ile mbovu. Kisha akafanya kama alivyofundishwa na Mukengere: akaziosha zote mbili kwa petroli, akazilaza juu ya kitambaa kimoja, ubavu kwa ubavu, ili alinganishe urefu na matundu ya plagi. Zote zilikuwa za mtumba, zote za rangi moja, na baada ya petroli zikawa mapacha. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa. Alikuwa hajatawadha, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, na hakutaka kuikosa hotuba. Akaokota moja, akaifunga. Gari likawaka papo hapo. Ile iliyobaki akaitupa kwenye sanduku la spana, akakimbilia maji.

Gari lingewaka tu, hata kwa ile mbovu. Lilikuwa baridi. Hilo analijua kila fundi wa Kamembe, na yeye alilijua kuliko wengi.

Walipotoka msikitini, Kalisa alikuwa mlangoni, simu bado sikioni. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile kijijini Gitambi. Maziko yalipangwa baada ya alasiri, kwa kuwa Waislamu hawamlazi maiti wao bila sababu. Na Kalisa ndiye mtoto wa kiume pekee katika nyumba ya dada watatu. Yeye ndiye aliyepaswa kushuka kaburini na kumpokea baba yake mikononi.

Alimshika Muhigirwa mkono. Muhigirwa anakumbuka hata kwamba ulikuwa wa baridi.

"Gari itanifikisha Gitambi?" Kalisa aliuliza.

"Itakufikisha, Papa Kalisa. Nimeweka ingine."

Anapoyarudia maneno hayo leo, Muhigirwa anatazama chini. Hakusema uongo, anasema, kwa sababu aliamini alichokisema. Lakini kuamini kwake hakukumsaidia mtu.

Kalisa aliwapakia shangazi zake wawili, wazee wasioweza kukaa juu ya pikipiki, akaondoka. Gari lilizimika kwenye miinuko ya upande wa Mibirizi. Wakasubiri, likawaka. Likaenda kilomita chache, likazimika tena. Ukatili wa sensa ile ulikuwa katika kufufuka kwake. Lingekufa moja kwa moja, Kalisa angewaacha wazee kwenye nyumba yoyote ya jirani na kuita pikipiki. Lakini kila mara lilipowaka alipiga simu Gitambi akisema wamngoje, anakaribia. Walimngoja. Mawingu yakatanda, mashehe wakasema mzee hawezi kuachwa anyeshewe nje.

Mwishowe aliwaacha wazee kwenye nyumba ya karibu, akachukua pikipiki. Alipofika, watu walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Aliyemshusha baba yake kaburini alikuwa jirani, mtu mwema, ambaye marehemu alikuwa hasemi naye kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Jumatatu yake Muhigirwa aliitoa sensa kwenye gari la Kalisa, akavuka nayo mpaka akiwa amewaka hasira. Alimkuta Cirhuza na wateja, akamwaga maneno yote pale pale: kwamba anauza uozo, kwamba amemfanya mtu akose maziko ya mzazi wake. Cirhuza hakupandisha sauti. Aliipokea ile sensa iliyotolewa kwenye gari, akaitazama sana, akauliza swali moja tu.

"Uko na hakika uliweka ile yangu?"

Kisha akampa nyingine, bure, na hiyo ndiyo Muhigirwa aliyoifunga kwenye gari la Kalisa. Lakini habari zilikuwa zimeshavuka daraja la Rusizi kabla ya Muhigirwa mwenyewe. Mafundi wa Kamembe wakaacha kununua kwa Cirhuza. Kabla mwaka haujaisha alifunga kibanda, akarudi kwao, huko Walungu, kulima.

Swali lile halikumwacha Muhigirwa alale vizuri. Wiki tatu baadaye alifungua sanduku, akaitoa sensa aliyoitupa mle ile Ijumaa, akaomba sufuria kwa mke wake, Uwamahoro. Aliitumbukiza kwenye maji, akaweka jikoni, akashika nyaya za tester, kile kipimo cha umeme. Sensa iliyochoka ikipata moto, namba hupotea. Uwamahoro alisimama nyuma yake akidhani mumewe anapika chuma.

"Maji ilitokota, namba haikuhama," anasema Muhigirwa. "Njo nilijua ni mimi. Ile muzima ilikuwa mu sanduku, ile mubovu niliirudisha kwa gari. Nilikaa pale mpaka maji ikaisha."

Uwamahoro alimwambia aende kwa Kalisa jioni ile ile. Muhigirwa alisema ataenda kesho. Kesho yake Kalisa alimwona msikitini, akamwamkia kwa furaha, akamwambia gari sasa linakwenda vizuri, Mungu ambariki. Muhigirwa akaitikia amina. Baada ya amina hiyo, anasema, kila siku iliyopita iliufanya mdomo uwe mzito zaidi.

Hakukaa kimya kwa watu wote. Mwaka mmoja baadaye alipanda gari hadi Walungu, akamkuta Cirhuza shambani, akamwambia kila kitu akiwa amesimama kati ya mihogo. Alitegemea matusi. Cirhuza aliegemea jembe lake, akasema jambo ambalo Muhigirwa amelibeba tangu hapo.

"Mi niliuzaka tu. Kalisa njo alifiwaka na baba. Enda umuambie yeye."

Hakwenda. Alinunua kichupa cha rangi ya kucha badala yake. Akaanza kuwashikisha watu sensa zao za zamani, akaanza kukaa juu ya ndoo akingoja feni. Ni kazi safi, hakuna anayeweza kuikosoa. Ila ukimsikiliza kwa makini unagundua kwamba kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiwafanyia watu wote wa Kamembe uangalifu ambao ulimpasa mtu mmoja, siku moja, na kwamba yeye mwenyewe analijua hilo vizuri sana.

Mbona sasa? Anasema ni kwa sababu ya gazeti. Alipoulizwa siku ya kwanza na kusema ni mazoea, Kalisa alikuwa amesimama hatua chache tu, akimsifia kwa mwandishi: hakuna fundi mwaminifu kuliko huyu, andika hivyo. Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi lolote.

Alhamisi iliyopita, baada ya swala ya adhuhuri, alimfuata Kalisa dukani kwake. Alikataa kiti. Alisimulia akiwa amesimama, kitambaa, petroli, adhana, sufuria, Walungu. Mteja mmoja aliingia kuuliza bei ya kitenge, Kalisa akamwomba arudi baadaye.

Muhigirwa alikuwa amejiandaa kwa mambo mawili: kupigwa au kusamehewa. Hakupata lolote kati ya hayo. Kalisa alikunja kitenge kilichokuwa mbele yake, akakikunjua, akakikunja tena. Halafu akaeleza kilichotokea Gitambi baada ya majembe kuwekwa chini, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu wa msikitini.

Mama yake hakuamini habari ya gari. Gari gani hilo, aliuliza mbele ya waombolezaji, linalozimika na kuwaka, linazimika na kuwaka? Aliona mwanawe alikuwa anamalizia biashara ya Ijumaa sokoni, halafu akatafuta kisingizio. Dada zake wakalishika neno hilo. Kalisa alijitetea mwanzoni, baadaye akachoka. Hata yeye alianza kujiona mwenye kosa, kwamba angechukua pikipiki tangu pale gari lilipozimika mara ya kwanza. Kila Idi alipeleka sukari na mchele Gitambi, mama yake akapokea na kushukuru, na hakumwita tena kwa jina la utoto alilomwita zamani.

"Ungeniambia ile wiki," Kalisa alisema, "ningekupeleka kwa Maman, ungemuelezea. Alikufa mwaka jana, mwezi wa pili. Alikufa akijua ni mimi nilichelewaka ju ya franga."

Muhigirwa anasema hapo ndipo alipotaka kukaa, lakini kiti alikuwa ameshakikataa.

Hawakupeana mikono. Alipofika mlangoni Kalisa alimwita, akamwambia dada zake wote watatu watakuwa Gitambi Jumapili kwa ajili ya kugawa shamba la wazazi, na kwamba angependa wayasikie maneno yale kwa mdomo wa aliyeyatenda. Hakusema kama baada ya hapo wataendelea kusimama safu moja. 

Uani kwa mwalimu Mukamazimpaka, feni inaanza kuzunguka kwa mara ya tatu. Muhigirwa anazima injini, anaiwasha, inaitika. Anakusanya spana, anamshukuru mwalimu kwa chai. Jumapili hii hatapokea kazi, anasema. Ataamka mapema, atapanda basi la kwanza la kuelekea Gitambi, afike kabla ya Kalisa ili asionekane ameletwa. Tena atawaomba wale dada waite majirani pia, kwa sababu lawama ilisemwa mbele ya majirani.

Anafunga kikapu chake, anakiinua, anakiweka chini tena.

"Badada yake nitabaambia bote," anasema. "Na batu ba kule bote. Bakinifukuza, nitakuwa nimeshasema. Lakini Maman yake ndiye nilipaswa kuambia, na huyo hatanisikia tena."