Mpima Mvua na Saa ya Wageni

Jumanne, tarehe 28 Oktoba. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, na ilipofika saa moja asubuhi manyunyu yalikuwa yameanza, yale yanayomlowesha mtu bega bila yeye kujua amelowa saa ngapi.

Mwalimu wa Jiografia alisimama mbele ya kioo akifunga tai. Mkewe, aliyekuwa akikunja mashuka, akaacha kazi yake.

"Makubwa! Unaoa leo?"

"Leo kuna mtoto anatazamwa."

"Na wewe ndiye mshenga?"

"Mimi ni mshika waya tu, mama."

Mkewe akacheka. Wanafunzi walimwita Mzee Waya kwa sababu mfuko wa koti lake haukukosa waya wa umeme, mita tatu, umeviringwa vizuri. Chumba cha kompyuta cha shule kilikuwa na tundu moja tu la umeme linalofanya kazi, nalo lilikuwa mlangoni. Kompyuta zilikuwa kumi na moja. Zilizowaka ni saba, na mojawapo haikuwaka mpaka ipigwe kofi ubavuni.

Kwa vifaa hivyo, mwezi Mei alipata shule rafiki ng'ambo. Alikuwa ameandika barua kwenye mtandao wa walimu, na mwalimu mmoja wa kike wa huko akamjibu. Tangu hapo, kila Jumanne saa nne asubuhi, Kidato cha Tatu walikaa mbele ya ukuta mweupe wakaonana na wenzao kwa projekta. Kila mwanafunzi alipewa mwenzake wa ng'ambo na kitu cha kupima: kivuli, upepo, joto, mvua. Watoto waliokuwa wakikwepa Jiografia kama dawa chungu sasa waligombania benchi la mbele.

Saa za huko na za hapa zilipishana. Mwalimu aliandika kwa chaki juu ya mlango, herufi kubwa: WAO WAKO NYUMA SAA MOJA. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha kwamba nyuzi kumi na tano za longitudo ni saa moja, na kwamba jua halina bosi.

Mtoto aliyekuwa anatazamwa siku hiyo ni yule aliyepewa mvua. Mama yake alipofariki, alikaa benchi la nyuma muhula mzima bila kufungua kinywa, wenzake wakamwita Sanamu. Alipopewa mvua, alikata chupa ya plastiki, akaibandika rula, akaiweka nyuma ya maabara. Kila asubuhi saa moja na nusu alikuwa amechuchumaa pale na daftari lake. Jina likabadilika, akawa Mpima Mvua. Siku moja alinyoosha mkono darasani akauliza, "Mwalimu, kwa nini mvua yao hainyeshi kwa hasira kama yetu?" Mwalimu alijibu, halafu alipofika ofisini akaandika tarehe ya swali lile kwenye shajara yake, maana lilikuwa la kwanza kwa mwaka mzima.

Lakini shangazi yake, fundi cherehani aliyekuwa akimlea, alishaamua. Wiki iliyopita alikuja shuleni, hakukaa hata kwenye kiti.

"Mwalimu, huyu mtoto alitazama ukuta mwaka mzima. Kukaa si kusoma. Mimi nina cherehani mbili na mikono miwili. Akae na mimi ajifunze kazi."

"Dada, siku hizi anaongea. Njoo Jumanne umsikie. Anawafundisha watu wa ng'ambo habari za mvua yetu."

"Wa ng'ambo? Wanamsikiliza huyu huyu?"

"Huyu huyu."

Shangazi akafikiri. "Basi nakuja. Nikiona kwa macho yangu, atasoma mpaka amalize. Nisipoona, naondoka naye siku hiyo hiyo. Nimesema."

Saa nne kasoro dakika tano alifika, mwavuli mkononi, tepu ya kupimia ingali shingoni. Akapewa kiti cha nyuma. Mpima Mvua alisimama mbele, sare imepigwa pasi, karatasi ya grafu yake imebandikwa ukutani. Mwalimu akachomeka waya na kufungua programu. Ukutani yakatokea maneno: Subiri, mwenyeji hajaingia.

Wakasubiri. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Mwalimu akatuma ujumbe kwa mwenzake, kisha wa pili. Haukujibiwa hata mmoja.

"Mzee Waya, wape basi shikamoo," mwanafunzi mmoja akanong'ona, darasa likaangua kicheko. Mpima Mvua hakucheka. Alitazama sakafu, na Mwalimu akaona mabega yake yakirudi kule yalikokuwa zamani.

"Labda hebu utueleze sisi kwanza," Mwalimu akamwambia taratibu.

Akafungua mdomo. Haikutoka hata sauti.

Saa tano kasoro dakika kumi shangazi aliinuka. "Wageni wako wamelala, Mwalimu. Na huyu naona bado ni yule yule. Chukua mkoba wako, mwanangu."

"Dada, nipe wiki moja tu."

"Nilikupa Jumanne."

Wakatoka kwenye manyunyu, chini ya mwavuli mmoja. Kengele ikalia, darasa likaenda kwenye Hisabati. Mwalimu akabaki peke yake. Alikuwa ameinama kuchomoa waya pale kompyuta ilipoita.

Ukuta ulijaa nyuso. Watoto ishirini na zaidi wakipunga mikono, mwalimu wao katikati akitabasamu. Nyuma yao walikuwa wamechora grafu ya Mpima Mvua kwenye karatasi kubwa kama mlango, na msichana mwenye miwani ameshika chupa iliyokatwa, iliyobandikwa rula.

"Yuko wapi Mpima Mvua?" mwalimu yule akauliza. Jina hilo walikuwa wamejifunza kulitamka.

"Mmechelewa saa nzima," Mwalimu akasema, kwa sauti ndogo.

Mwenzake akatazama saa yake, kisha akafunika mdomo. Jumapili walikuwa wamerudisha saa zao nyuma, nchi nzima, kama wafanyavyo kila mwaka siku zinapokuwa fupi. Hakuwa amemwambia. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali saa hukaa palepale mwaka mzima.

Mwalimu aliinua macho akayatazama maneno ya chaki juu ya mlango. Hakuna mtu aliyemkosea. Mwalimu wa Jiografia ni yeye.

Akawarekodi kwa simu yake, watoto wote wakimsalimu Mpima Mvua, kisha akatoka bila mwavuli.

Kibanda cha fundi kilikuwa na mlango mmoja na mashine mbili. Shangazi alitazama video mpaka mwisho, akairudia, akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Saa irudishwe nyuma? Na nani?"

"Serikali yao, dada."

"Na jua linakubali?"

"Jua halijui."

Shangazi akaguna. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimwogopesha Mwalimu zaidi. "Nakuamini. Huna uso wa uongo. Lakini nilimwona akisimama mbele ya watu asiweze kusema. Nilisema nimesema, mbele ya watoto wa watu. Neno langu si kama saa za wageni wako, kwamba likishatoka nalirudisha."

Mpima Mvua alikuwa kwenye mashine ya pili, akijifunza kunyoosha mshono kwenye kipande cha kitambaa chakavu. Mwalimu alimwekea simu mbele. Aliitazama, mguu wake ukasimama juu ya pedali. Video ilipoisha akaendelea kushona.

Mwalimu alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti.

"Mwalimu. Mvua ya leo nani atapima?"

Mwalimu akainamisha kichwa, akatoka.

Jumatano asubuhi aliwahi shuleni kabla ya mlinzi kufungua madarasa. Alipanda kwenye kiti, akafuta neno MOJA juu ya mlango, akaandika MBILI. Halafu saa moja na nusu akaenda nyuma ya maabara, akachuchumaa kwenye nyasi mbichi, akasoma chupa: milimita kumi na nne. Akafungua daftari la Mpima Mvua, alilolisahau juu ya benchi, akaandika namba hiyo kwenye safu yake, kwa mwandiko mdogo ili usifanane na wa mwenye daftari. Akaimwaga chupa, akairudisha mahali pake.