Miguu Yetu Ndani ya Gunia

Enzi zetu ukingo wa mto hapa Bariadi haukuwa na viti, wala taa, wala vigae vyekundu. Ulikuwa na maghala mawili ya pamba, mizani, na foleni ya mikokoteni ya ng'ombe iliyoanzia mlangoni ikateremka mpaka mchangani. Wenzangu mliokulia huku mnaikumbuka harufu ile: pamba mbichi, samadi, na michembe ya viazi ikichemka na karanga kwenye masufuria ya kina mama. Foleni ilichukua hata siku tatu, na sisi watoto tuliomba ziwe nne.

Mto wenyewe kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba kwa mikono, unasubiri, na maji yanapanda taratibu, ya baridi, ukiuona uso wako ndani yake. Ukimaliza unaacha kibuyu pale pale kwa ajili ya anayekuja. Hakuna aliyeiba kibuyu. Vijana wa leo wanafunga simu kwa alama ya kidole na bado zinaibiwa.

Kazi yetu ilikuwa kushindilia. Gunia linafungwa kwenye miti, mdomo juu, mtoto anatumbukizwa ndani, pamba inamwagwa naye anakanyaga, anakanyaga, mpaka kichwa kinachomoza kama cha kobe. Mimi na dada yangu Kabula tulikuwa mabingwa. Mle ndani kulikuwa na joto na ukungu mweupe, sauti za watu zikija kwa mbali, na uliweza kusinzia umesimama. Sijapata godoro lenye raha ile.

Mwaka mmoja gunia la mwisho la baba lililegea njiani, ikabidi lishindiliwe upya pale foleni. Baba alikuwa ameichambua pamba yake kwa siku nyingi, safi huku, fifi yenye madoa kule. Alijulikana kwa hilo, hata karani wa mizani hakuwa akiingiza mkono kwenye magunia yake. Mama alikuwa jikoni kwake pembeni, mawe matatu na sufuria, akatupigia kelele: "Hamwingii humo na miguu hiyo! Nendeni mkanawe!" Watoto watiifu sisi. Tukateremka mtoni, tukanawa mpaka magotini, tukapanda mbio juu ya mchanga ule ule, tukatumbukia guniani miguu ikichuruzika.

Asiyelima pamba hawezi kuelewa tulichokifanya. Maji na mchanga ndivyo walaghai walivyotia ili gunia lizidi uzito. Na siku hiyo, sijui kwa nini, karani aliingiza mkono. Akautoa umelowa, mchanga umeganda vidoleni, akauinua foleni nzima ione.

"Hata wewe, mzee?"

Baba alilimwaga gunia lote kwenye turubai, akapiga magoti, akaanza kuchambua upya mbele ya watu waliomwamkia kwa heshima asubuhi ile. Tulikaa naye, tukiokota na kukung'uta, mpaka jua likazama. Nilikuwa na miaka minane, na nilijua mchanga ule ulitoka wapi. Sikusema. Kabula naye hakusema, na sasa wote wawili, yeye na baba, hawapo. Tangu siku ile makarani waliingiza mkono kwenye magunia ya baba mpaka kwapani, na kila mara nilitamani ardhi inimeze.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kutembea huko. Maghala yamepakwa rangi ya chungwa. Moja ni mgahawa wa juisi, jingine ukumbi wa harusi. Wasichana wanajipiga picha wamechongoa midomo kama wanaopuliza uji wa moto. Pale palipokuwa na mizani pana kiti cha zege, tukakaa. Macho ya mama yamefifia, miguu inamsumbua. Niliona nisiposema hapo, sitasema tena.

"Mayu, ule mchanga kwenye gunia la baba ulitoka miguuni mwetu. Mimi na Kabula."

Alijikanda magoti kwanza.

"Ng'wana wane, niliwaona mkirudi mnachuruzika," akasema. "Nilikuwa nakoroga michembe. Nikaona nikiiacha itaungua. Na mimi sikumwambia."

Miaka yote hiyo! Watu watatu tuliokula sahani moja na mtu yule, kila mmoja na mchanga wake moyoni. Nililia bila haya mbele ya wauza juisi. Mama hakulia. Aliomba nimteremshe mtoni.

Siku hizi kuna ngazi zenye vyuma vya kushikilia, lakini mchanga ni ule ule. Nilichimba kwa mikono, tukasubiri, maji yakapanda taratibu kama zamani. Kibuyu hakikuwepo. Sasa kila mtu anakuja na chupa yake na kuondoka nayo. Nilichota kwa kikombe cha plastiki cha juisi, tukanawa miguu sote wawili.

Nilipomshika mkono tupande, alikataa. Akaketi kwenye ngazi, akafungua kanga yake ya juu, akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote. Kisha akanirushia pindo la upande wa pili.

"Jikaushe vizuri," akasema. "Baba yako yuko kwenye mizani."