Alama Nyekundu Ndani ya Kola

Baba yangu hajawahi kumruhusu mtu amnyoshee shati. Marehemu mama alijaribu miaka ya mwanzo ya ndoa, akanyoosha mikono. Mimi ni fundi cherehani, riziki yangu iko kwenye nguo za watu, lakini siku niliyojitia kumsaidia alilipindua shati, akaikagua kola, akanirudishia. Kola, kwake yeye, hupigwa pasi ndani kwanza, kisha nje, kisha ndani tena. Ukimuuliza kajifunza wapi, anasema alijifundisha. Mzee wa watu, ukaidi wake unaweza kuchemsha maharage.

Basi tulikuwa barazani siku gari la matangazo lilipopita. Hospitali ya serikali inapanuliwa, makaburi ya zamani yaliyo nyuma yake yatahamishwa. Mwenye ndugu yake aende akamchukue kabla ya mwisho wa mwezi, na wasio na wenyewe watazikwa shimo moja. Nikamtazama Baba. Akaongeza sauti ya redio.

Nyuma ya hospitali ile amelala mama yake mzazi, yaani bibi yangu. Hilo tulilijua, na tulijua pia kwamba hasemwi. Alimwacha Baba akiwa hajaanza shule, akamfuata mwanamume. Mwanamume akamchoka, bibi akarudi na kifua kibovu, akafia hapo hospitalini. Ndivyo alivyosimulia shangazi yake Baba, dada wa babu, ambaye ndiye aliyemlea. Na asiyekuwapo na lake halipo, nani angembishia?

Nilimwambia Baba twende. Akanijibu taratibu kabisa.

"Alinitupa akiwa mzima. Leo nikamwokote akiwa mifupa?"

Nilikasirika, sifichi. Simjui huyo bibi, sijawahi hata kuona picha yake, lakini azikwe shimo moja na watu asiowajua huku sisi tuko mtaa wa pili tunakunywa chai? Nikajifunga kibwebwe, nikaenda mwenyewe. Karani wa hospitali akaniuliza kama marehemu ana mtoto aliye hai. Nikasema yupo, mmoja tu. Akasema basi aje yeye, mjukuu hatoshi.

Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku la bati la Baba kutafuta kitambulisho chake, nikiomba Mungu ambadili moyo. Chini kabisa nikakuta shati lake la shule. Ndilo alilovaa kwenye mtihani wa mwisho, akafaulu kuliko wenzake wote, akalitunza. Hadithi yake tumesikia mpaka masikio yakaota sugu. Lakini sikuwahi kulishika. Ndani ya kola palikuwa na uzi mwekundu: msalaba mdogo, na pembeni yake mishono miwili mifupi. Hapakuwa pamechanika, kwa hiyo hakikuwa kiraka. Madobi ndio huweka alama hivyo, nguo za watu zisichanganyike.

Nikamuuliza Baba. Akasema mashati yake yote yalikuwa na alama ile, na aliyekuwa akiyafua ni shangazi, nani mwingine? Moyoni nikasema hapana. Nyumba ile ilikuwa inaazima chumvi kwa jirani. Tangu lini ikawa na dobi?

Dobi mkubwa enzi za ukoloni, Baba alipokuwa anasoma, alikuwa mmoja tu, banda la kufulia la hospitali. Nikaenda. Siku hizi kuna mashine zinazonguruma, na vijana waliopo hawajui kitu, ila mmoja akanielekeza kwa ajuza mmoja nyuma ya soko, aliyeanza kazi humo akiwa msichana. Wote wanamwita Bibi Pasi. Nilimkuta amekaa kitandani, macho yamefifia, ulimi mzima. Nikampa shati. Akapitisha kidole gumba ndani ya kola, akakigotesha kwenye ule uzi.

"Hili la mwanawe," akasema. "Mlikuwa wapi siku zote?"

Akamtaja bibi yangu kwa jina, kisha akanisimulia, na mimi nawasimulia kama nilivyosikia. Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya wakoloni, hakurudi. Wifi yake bibi, ndiye yule shangazi, akaja akamchukua mtoto, akisema ni damu ya kaka yake. Bibi akabaki hana mume wala mahali pa kulala, akapata kazi kwenye banda la kufulia. Mzungu msimamizi aliwalaza wanawake kwenye chumba kimoja nyuma ya banda, na mtoto haruhusiwi kukanyaga. Walifua shuka za wodi ya wazungu kwenye mapipa yake, na za wodi yetu kwenye mapipa yake. Sabuni ilikuwa ileile, na viganja vilivyochubuka vilikuwa vilevile.

Kila siku ya mapumziko bibi alikwenda kugonga kwa wifi yake, akaachwa nje. Mwisho wifi akamwambia: mtoto ameshaelezwa kwamba umefuata mwanamume, na ukija tena nitampeleka usikokujua. Akaacha kwenda.

Nikauliza, na huyo mwanamume? Bibi Pasi akacheka mpaka akakohoa. Wanawake wote wale chumba kimoja, akasema, angemficha uvunguni?

Sasa, mume wa shangazi alikuwa mpishi wa hospitali hiyohiyo. Nyumbani kwake alikuwa kama mgeni, neno lake halifiki mlangoni. Lakini aproni zake zilifuliwa bandani, na siku moja katikati ya aproni bibi akakuta shati la mwanawe. Mpishi hakusema kitu. Juma lililofuata likaja jingine. Alama ya mpishi ilikuwa msalaba, na bibi akaongeza mishono miwili, mtu mwingine asiliguse. Akalifua, akalitia wanga, akaipiga pasi kola ndani, nje, kisha ndani tena, maana jasho la mtoto hukaa ndani. Shangazi hakuuliza nani anayafua, alifurahia tu sabuni yake kutoisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya shangazi huyu ilimfikisha kaburini bila kujikwaa.

Miaka ikaenda hivyo. Bibi alipima kimo cha mwanawe kwa mikono ya shati, akawatangazia wenzake bandani: amerefuka huyo. Shati la mtihani alilijua, mpishi alimnong'oneza. Kifua kilikuwa kimeshamwelemea. Alilinyosha akiwa amekaa, kusimama hakuweza, na halikuja jingine mikononi mwake.

Nilitoka kwa yule ajuza nikilia njia nzima, watu wananiangalia. Nyumbani nikazima redio bila kuomba ruhusa, nikamweleza Baba yote, nikamwekea shati mapajani. Akaipindua kola, akautazama ule uzi. Nilidhani atanifukuza.

"Baada ya mtihani ule," akasema, "mashati yakaanza kurudi yamekunjamana. Nikadhani shangazi amenichoka. Ndipo nikaanza kunyosha mwenyewe, nikajaribu mpaka kola ikakaa kama zamani."

Kisha akalia, mzee wa miaka ile, kwa sauti, na mimi nikamwacha alie.

Asubuhi akaniletea shati jeupe na pasi. Akaniambia nimnyoshee, na kwamba kola sasa naijua. Nikampigia ndani, nje, ndani tena. Akalivaa bila kulikagua.

Hospitalini karani alimuuliza marehemu ni nani wake.

"Mama yangu," akasema Baba. Karani alikuwa ameshainama kuandika, lakini Baba hakuwa amemaliza. "Ndiye aliyekuwa akinifulia."